Maneno ya Mabanoni

3 Novemba

Wifi Mkubwa,

Ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha usikimbilie kuuliza nani amekufa. Wote wazima, na mdogo wako, mume wangu, anaendelea kunenepa. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kumaliza sentensi bila mmoja kumkatisha mwenzake, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho. Atakayekuletea ni mdogo wako huyohuyo, akija na lori lake kuchukua karatasi hapo kwenye kiwanda chenu cha kuchapa vitabu. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya shule. Akiifungua utajua.

Shida ni kompyuta ya chumba cha kurekodia. Kazi yangu unaijua: nawasomea watoto wasioona vitabu vya shule, sauti inaingia kwenye kompyuta, kisha nainakili kwenye flashi ili kila mtoto aende nayo likizo, aichomeke kwenye redio yake na asikilize. Miaka yote wamekuwa wakienda likizo mikono mitupu. Vitabu vyao vya nukta, vile vya kusomwa kwa vidole, ni vichache na vizito, na nyumbani kwa wengi hakuna wa kuwasomea. Mwaka huu nimemaliza vitabu vyote vya darasa la mtihani. Flashi zipo, sanduku zima, za kumtosha kila mtoto. Watoto ni arobaini na ushee, na shule inafungwa tarehe 28.

Sasa sikia. Flashi moja nikiichomeka asubuhi inamaliza jioni. Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofika unatambaa, unasimama, unatambaa tena, mpaka natamani kuusukuma kwa kidole. Kwa mwendo huu nusu ya watoto watatoka hapa bila kitu, na mtihani wao unawangoja wakirudi tu. Wewe unashinda na kompyuta za mfumo wa Linux kama hii yangu. Nisaidie.

Jambo moja. Usimwambie mume wangu. Kompyuta hii aliiunga mwenyewe kutokana na mabaki ya kiwandani kwenu, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi gari jipya. Kila mgeni akija nyumbani lazima asimuliwe. Nikimwambia zawadi yake inatambaa atanuna mwezi mzima, na anavyonuna unamjua.

Wifi yako,
Msomaji


5 Novemba

Msomaji,

Gundi yako ilikuwa nyingi mpaka nimechana bahasha pamoja na nusu ya salamu. Mdogo wangu alisimama pembeni akinitazama ninavyosoma, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni mambo ya wanawake. Alikwenda kukagua matairi haraka sana.

Nimefurahi umeniandikia. Nasema hivyo mara moja tu, usizoee.

Hapa chumba cha matayarisho kila ukurasa wa kitabu unapita kwenye kompyuta yangu kabla haujaenda mtamboni, na wateja wanatuletea flashi za kila namna. Nimejifunza kwamba flashi ikiwa goigoi, mchawi ni mmoja kati ya watatu: tundu ulipoichomeka, flashi yenyewe, au kompyuta. Tunaanza na aliye karibu.

Tazama nyuma ya kompyuta yako. Kuna matundu meusi na matundu ya buluu ndani yake. Ya buluu ndiyo yenye mbio. Chomeka huko moja kwa moja, bila ule waya wa kurefushia ambao najua unautumia kwa sababu hutaki kuinama. Ukishajaribu hapo, chukua flashi hiyohiyo ukaijaribu kwenye kompyuta nyingine, hata ya ofisini. Ikikimbia huko, flashi haina kosa.

Na usiniletee habari za "nimejaribu kila kitu". Niambie ulichofanya na ulichokiona.

Wifi Mkubwa


7 Novemba

Wifi Mkubwa,

Nimeinama. Magoti yamelia, watoto wamesikia, na mmoja ameuliza kama ni mlango. Tundu la buluu lipo na nimechomeka humo bila waya wowote. Mstari wa kijani haukujali hata kidogo.

Kompyuta ya ofisini ni ya karani, na karani ana wivu nayo kuliko mtu na mchumba wake. Nilimbembeleza mpaka akakubali mara moja. Wifi, flashi ilijaa wakati yeye anatia saini barua za wazazi. Nilirukaruka. Nilikwisha kupanga jinsi nitakavyomhonga kwa maandazi ili nihamie pale na sanduku zima.

Basi nikampelekea flashi ile binti mmoja wa darasa la mtihani tunayemwita Hakimu, kwa sababu hakuna ubishi shuleni usiofika kwake. Akaichomeka kwenye redio yake. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Niliporudi nayo kwenye kompyuta yangu nikakuta faili zangu hazionekani, na mahali pake kuna vijifaili vya ajabu ambavyo sikuviweka mimi. Kompyuta ya karani imejaa virusi mpaka kooni. Hakimu aliponirudishia flashi alisema, "Mwalimu, kitabu hiki ni kifupi mno."

Kwa hiyo flashi haina kosa, na kwa karani sirudi. Amebaki mchawi wa tatu.

Msomaji


10 Novemba

Msomaji,

Huyo Hakimu akimaliza shule mlete kwangu.

Na ulivyonieleza safari hii, hata fundi wa kulipwa asingeeleza vizuri zaidi. Sasa tumuulize mshukiwa mwenyewe. Chomeka flashi, kisha fungua lile dirisha jeusi ambalo huwa unalikwepa. Andika neno moja tu, mount, halafu bonyeza kitufe kikubwa cha kuingiza. Itakumwagia mistari mingi. Usitishike. Mistari mingi ni kompyuta inajisemea yenyewe, kama mzee anayetafuta miwani. Utafute ule unaotaja flashi yako, mara nyingi huwa wa mwisho.

Usome mstari huo mpaka mwisho, polepole, na uniambie kama ndani yake kuna neno sync. Neno hilo likiwepo, kompyuta haiandiki kwa mkupuo. Inaandika kipande kimoja, inasubiri kikae, ndipo inachukua kingine. Ni mtu anayehamisha mchanga kwa kijiko, na kila kijiko anarudi kuuliza kama kile cha kwanza kimefika. Kompyuta nyingi hazina neno hilo kwa flashi, ila nimewahi kuliona.

Likiwepo tumemkamata. Lisipokuwepo, nitafikiri upya.

Mdogo wangu jana ameniuliza tena kwa nini tunaandikiana. Nikamwambia tunapatana. Aliogopa kuliko angeambiwa tunagombana.

Wifi Mkubwa


12 Novemba

Wifi Mkubwa,

Halipo.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilimkalisha Hakimu pembeni awe shahidi, nikausoma mstari wa flashi kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma kitabu. Hakuna sync. Hakimu akaniomba nirudie. Nikarudia. Halipo.

Na leo mkuu wa shule amekuja chumbani. Amehesabu flashi zilizojaa, ametazama kalenda, amekuna kidevu. Ni mtu mwema, shida yake ni kwamba anapenda jambo liishe. Amesema flashi zitakazokuwa tayari siku ya kufunga zitagawiwa kwa kura, ili lawama zisiwe za mtu. Ameshaanza kukata vikaratasi. Wifi, nusu ya watoto wataokota karatasi tupu mbele ya wenzao, na karatasi hiyo lazima mimi ndiye niwasomee, maana hawaioni.

Tafadhali fikiri upya haraka.

Msomaji


14 Novemba

Wifi yangu,

Nimefikiri kwa siku mbili na nimemuuliza pia fundi wetu mkuu bila kutaja jina la mtu. Kama tundu ni zuri, flashi ni nzuri, na neno lile halipo, basi kinachobaki ni kompyuta yenyewe. Ile bodi ndani yake tuliitupa sisi ikiwa imeshachoka, na mdogo wangu akaipenda kuliko ilivyostahili. Bodi ikichoka hivyo haitengenezeki. Inabadilishwa, na ya kubadilisha sisi hatuna.

Sikutaka kukuandikia hivi. Najua umesoma vitabu vile mpaka sauti imekukauka. Jaza zile utakazoweza, na watakaopata wawasikilizishe wenzao wa jirani. Umefanya kazi kubwa, na aliye na macho ameiona.

Kuhusu mume wako, usimwambie. Nimekuelewa sasa.

Wifi Mkubwa


17 Novemba

Wifi Mkubwa,

Ulivyoniandikia kwa upole ndivyo nilivyojua kwamba mambo yameharibika. Bora ungenitukana.

Nakuandikia tu ili nisiongee na ukuta. Habari ya kura imewafikia watoto. Nilitegemea kilio. Hakimu akasema, "Kura nayo ni kipofu kama sisi, tutaelewana nayo." Wakacheka wote. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Hata kazi leo nimeifanya shingo upande. Tumeletewa msomaji mpya wa kunisaidia mwakani, kijana ana sauti nzuri, ila kila akikuta mabano kwenye kitabu anayasoma. "Mabano, tazama ukurasa wa nane, funga mabano." Watoto wanapoteza njia katikati ya sentensi. Nimemkemea. Nimemwambia sheria ya kwanza ya chumba hiki niliitunga mimi mwenyewe: maneno ya mabanoni hayasomwi. Jicho linayaruka, sauti inaendelea kana kwamba hayapo. Akaniuliza kama huwa sisahau. Nikamwambia siku hizi hata sioni tena kama kuna mabano, hata nikisoma karatasi ya dawa. Amenitazama kama mgonjwa.

Basi ndiyo hali. Wasalimie hapo.

Msomaji


18 Novemba

Msomaji,

Nimempa barua hii dereva mwingine wa kiwanda, sikuweza kungoja lori la mdogo wangu. Kaa chini.

Ule mstari wa flashi kwenye dirisha jeusi, mwisho wake una mabano. Kila mstari wa mount una mabano mwishoni. Ndani ya mabano ndimo yalimo maneno yote ya maana, yamepangwa kwa mkato mmoja mmoja, na kama sync ipo, ipo humo. Wewe umeusoma mstari kwa sauti, kama unavyosoma kitabu. Wifi, umeyaruka.

Rudi usome mabanoni. Ninakuomba, kwa mara moja tu katika maisha yako, uvunje sheria yako.

Ukilikuta, andika kwenye dirisha hilohilo: sudo nano /etc/fstab. Litafunguka faili fupi. Tafuta mstari unaohusu flashi, futa neno sync pamoja na mkato wake mmoja, usiguse kingine chochote hata ukipiga chafya. Hifadhi, toka, zima kompyuta uiwashe upya.

Halafu jambo la kufa na kupona. Neno hilo likishaondoka, mstari wa kijani utakimbia na utakudanganya kwamba kazi imekwisha, kumbe nusu ya sauti bado imeshikwa kichwani mwa kompyuta, haijashuka kwenye flashi. Usichomoe. Iage kwanza. Bonyeza alama ya kuondoa, ungoje ikuambie kwamba sasa ni salama, ndipo uchomoe. Najua wewe na haraka ni mapacha. Safari hii ngoja.

Mimi hapa nimesimama, siwezi hata kukaa.

Wifi Mkubwa


19 Novemba

Mume wangu,

Nakuwekea barua hii kwenye usukani kwa sababu uso kwa uso nitaanza kujitetea. Usinune kabla hujafika mwisho.

Kompyuta uliyoniungia inaenda polepole kwenye flashi. Polepole sana, kiasi kwamba watoto wanataka kupigiwa kura ya nani apate kitabu. Sikukuambia kwa sababu naijua furaha yako ukiwasimulia wageni. Nilimwandikia dada yako, na ndizo zile bahasha ulizokuwa unazibeba ukidhani tunakuteta. Mara mbili tatu tulikuteta kweli, lakini kidogo.

Dada yako alidhani bodi imechoka, lakini jana tumegundua. Ndani ya mabano, katikati ya maneno mengine, limejibanza neno sync. Nilipolisoma nilipiga meza mpaka Hakimu akasema, "Shauri limeisha?" Nikamwambia bado, kuna rufaa. Maana nilipotaka kulifuta kompyuta imeniuliza nenosiri la mwenyewe. Nimejaribu jina langu, jina lako, jina la lori. Imenikatalia yote.

Nenosiri unalo wewe peke yako, na Dada yako ameshaniapisha kwamba neno likiondoka nitaiaga kila flashi kabla ya kuichomoa. Nipe, mume wangu. Na kama umekasirika, kasirika baada ya tarehe 28.

Mkeo


20 Novemba

Mke wangu, na Dada utakayeisoma pia maana najua utapelekewa,

Nimesoma barua nikiwa nimeegesha. Sijanuna. Nimecheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kama nina mzigo wa kileo.

Lile neno nililiweka mimi. Halikujileta, na bodi haijachoka, Dada, naomba uliondoe hilo neno lako. Niliweka kusudi.

Mke wangu, unakumbuka mwaka juzi ulivyorekodi kitabu kizima cha historia moja kwa moja kwenye flashi, ukaichomoa bila kuiaga kwa sababu kengele ya chakula imelia, kikapotea chote? Ulirudi nyumbani sauti imekauka, hukula, hukusema na mtu. Mimi ni dereva, sijui kumbembeleza mtu. Nikakaa na kompyuta yako nikawaza, haraka za mke wangu sitaziweza, ngoja niibadilishe kompyuta. Nikaipa amri kila neno lako likitoka liandikwe palepale, hata ukichomoa kama unang'oa mhogo lisipotee. Na tangu siku ile hujapoteza hata ukurasa. Wakati huo ulikuwa unanakili kitabu kimoja kimoja cha kusikilizwa darasani, hakuna aliyeona uzito wake. Sikujua kama ipo siku ungekuwa na maktaba nzima.

Ningelirudisha tena leo kama ungekuwa bado na haraka zile. Lakini Dada anasema utaiaga. Basi naondoa breki.

Nenosiri ni sautihaipotei, herufi ndogo zote, bila nafasi.

Dereva wenu


24 Novemba

Wifi Mkubwa,

Keti na wewe sasa.

Nilipopata nenosiri sikuliandika mara moja. Nililitazama kwanza. Miaka hii yote nimekuwa nikiamini mume wangu hana maneno, kumbe aliyaweka mahali ambapo sikuruhusiwa kuingia. Nampenda, Wifi, na nimemwambia, na amekwenda kukagua matairi.

Kisha nikafuta neno moja na mkato mmoja. Nikazima, nikawasha. Nikachomeka flashi mpya, nikaikabidhi vitabu vyote. Mstari wa kijani haukutambaa. Ulikimbia. Ukafika mwisho kabla sijamaliza kuvuta kiti, na mkono wangu, nakuapia, ulikuwa umeshaishika flashi. Hakimu akasikia kiti kinalia akasema, "Mwalimu, aga." Nikarudisha mkono. Nikabonyeza alama ya kuondoa, tukangoja pamoja, na kweli ilikuwa bado inaandika kimyakimya, na ilichukua muda kuliko nilivyotaka kuamini. Ikasema salama. Nikachomoa, nikampa. Akaichomeka kwenye redio yake.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Sura ya kwanza."

Kengele ya kipindi cha kwanza ilikuwa haijalia. Kabla ya chakula tulikuwa na rundo la flashi mezani. Watoto walijipanga kwenye korido bila kuitwa, kila moja ikitoka wanaipokezana na kuijaribu, na ikikubali wanapiga meza pigo moja. Yule msomaji mpya nimempa kazi ya kuziaga, kwa kuwa yeye ndiye pekee humu ndani asiye na haraka. Na nimemruhusu asome mabano nje ya vitabu, kadiri apendavyo.

Zimebaki chache sana. Kesho tunamaliza.

Msomaji


26 Novemba

Msomaji,

Barua yako nimeisoma mbele ya chumba kizima cha matayarisho, na mtambo ukasimamishwa wanisikilize. Fundi mkuu, yule niliyemuuliza, amesema ni mara ya kwanza kuona mabano yakileta hasara nje ya vitabu vya mhasibu. Hapa sasa mtu akipitisha ukurasa wenye kosa anaulizwa, "Umeyasoma mabanoni?"

Nilikosea kuhusu bodi. Nimeandika, umeona, sitaandika tena.

Tulipokuja kukuposa kwa ajili ya mdogo wangu, nilimwambia mama kwamba huyu binti anaongea sana. Mama akasema sauti yake ni nzuri, itafaa mahali. Nilinuna siku ile. Leo nimejua mahali penyewe.

Siku ya kufunga simama getini kwa niaba yangu. Nataka uniandikie wote, asibaki hata mmoja.

Wifi Mkubwa


28 Novemba

Wifi Mkubwa,

Wote.

Nakuandikia nikiwa bado na vumbi la uwanjani miguuni. Mkuu wa shule alikuja na kopo lake la kura, vikaratasi vimekunjwa vizuri, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia. Au tuseme tulikumbuka, tukataka aone mwenyewe. Akasimama mbele, akasafisha koo, akaanza kuwaeleza watoto kwamba katika maisha si kila mtu hupata. Nikamwomba radhi, nikafungua sanduku.

Niliita mtoto mmoja mmoja kwa jina. Alikuja, akafungua kiganja, nikamwekea. Sikufanya haraka. Niliona vidole vikifunga juu ya kitu kile kidogo, na mwingine alikinusa, na mwingine alikiweka mfukoni, akakitoa, akakiweka soksini ambako alisema ni salama zaidi. Niliita mpaka majina yakaisha, na mikono mitupu ikaisha pamoja nayo. Hakuna aliyebaki amesimama anasubiri kusomewa karatasi.

Mkuu akatazama kopo lake. Akauliza, "Sasa hizi kura nifanye nazo nini?" Hakimu akasema, "Chezesha mwenyewe, Mwalimu Mkuu, huenda ukashinda." Uwanja mzima ulicheka, na mkuu alicheka kuliko wote, akasogea kwangu akaniomba flashi moja ya akiba. Anasema macho yake siku hizi yanamsumbua, na historia hajaisoma tangu akiwa kijana. Nimempa. Nimemwambia aiage.

Kisha basi la shule likaja. Walipanda, wakakaa, na sijui nani aliyeanza, lakini kabla dereva hajawasha injini redio zote zilikuwa zimefunguliwa. Kila mmoja kachagua kitabu chake. Nilikuwa dirisha la mbele nasoma jiografia, dirisha la katikati nasoma sayansi, na nyuma kabisa kwa Hakimu nasoma habari za mahakama. Madirisha yote yalikuwa wazi. Wazazi waliokuja kupokea wadogo walisogea kusikiliza, karani akatoka ofisini, mume wangu akazima lori lake ili asikie. Nililia, Wifi, na sikujali nani ananiona.

Likaondoka taratibu, likapita duka, likapita ukuta wa mwisho wa shule. Sikuondoka getini. Basi lilipokata kona bado nilijisikia nikisoma.

Wifi yako,
Msomaji